Rudisha kwanza ndo upinge: mwongozo kamili wa kujadiliana na kusikilizana kwenye semina za chuo

Ukiingia mwaka wa kwanza kwenye chuo kikuu hapa Tanzania, karibu popote utakutana na kozi ya stadi za mawasiliano, uwe unasoma sheria, uhandisi au ualimu. Wengi wanaichukulia kama kozi ya kupitia tu, unatafuta desa (notsi za kukariri) siku tatu kabla ya UE, yaani mtihani wa mwisho wa semista, unakariri aina za usikilizaji na vikwazo vya mawasiliano, unamaliza. Mi niliisoma nikiwa mwanafunzi na baadae nikakaa upande wa pili nikiongoza semina zake kwa miaka kadhaa, na nakwambia kutoka moyoni kwamba ukiichukulia siriasi itakufaa mpaka kwenye vikao vya ukoo na vya harusi. Shida ni kwamba kusikiliza hakukaririki. Unaweza ukajibu swali la usikilizaji ukapata maksi zote, halafu ukatoka nje ya chumba cha mtihani ukamdakia mwenzako maneno kabla hajamaliza sentensi yake ya kwanza.

Ngoja niseme kwanza kilichonifikisha hapa. Nikiwa mwaka wa pili tulikuwa na semina ya watu kama 25, mada ilikuwa lugha ya kufundishia, na dada mmoja akasimama akaanza kueleza kwa Kiingereza cha kujikongoja kwamba ye anaona Kiingereza kibaki. Nikamkatisha juu kwa juu nikasema we mwenyewe hapo unavyoongea ndo ushahidi kwamba hakitufai, darasa zima likaangua kicheko, mpaka aliyekuwa anatuongoza akacheka. Nikakaa chini nikijiona nimeshinda. Yule dada hakuongea tena mpaka semista inaisha, anakuja anakaa nyuma anaandika anaondoka. Na kinachoniuma zaidi ni kwamba hoja yake mpaka leo siijui, manake sikumwacha amalize. Kwa hiyo haya ninayoandika hapa sikuyatoa kwenye kitabu peke yake, nimeyafanyia kazi na vikundi vingi kwa sababu sikutaka lile lijirudie mbele ya macho yangu.

HATUA YA 1: Jua kama uko kijiweni au uko semina

Ubishi wa Simba na Yanga ni mtamu na una mahali pake. Pale hakuna anayetegemea kumhamisha mtu, anayeshangiliwa ni mwenye sauti kubwa na maneno makali, mkimaliza mnacheka mnanunua kahawa mnaendelea na maisha. Semina ni kitu kingine kabisa, pale mna swali ambalo hakuna mmoja wenu mwenye jibu lote, kila mtu ana kipande chake, na mkimzima mmoja mnapoteza kipande chake.

Kuna namna rahisi ya kujipima. Usiku kabla ya semina fungua daftari andika sentensi moja: "Nitabadili msimamo wangu kama nitaonyeshwa kwamba..." halafu imalizie. Ukishindwa kuimalizia, yaani ukiona hakuna kitu duniani kingekuhamisha, jua kwamba kesho unaenda kubisha. Usiogope, wengi tunaanzia hapo. Ila usiingie semina kabla hujaandika kitu, hata kidogo.

HATUA YA 2: Wekeni masharti kabla ya mada

Hili lifanyike wiki ya kwanza, kabla hakujawa na mtu aliyeumia, manake mkianza kuweka masharti baada ya ugomvi kila mtu atajua yanamlenga nani. Masharti yawe machache.

La kwanza kabisa na ambalo sitaki mlipunguze: hakuna kucheka lugha ya mtu. Watu wengi wa nje hawaelewi hili. Mwanafunzi wetu kafundishwa kwa Kiswahili miaka yote ya msingi, sekondari kaenda na Kiingereza cha kubahatisha, chuo ghafla anatakiwa atoe hoja kwa ung'eng'e mbele ya wenzake waliosoma intaneshno tangu chekechea. Anabeba mizigo miwili kwa wakati mmoja, anafikiri na anatafuta maneno. Mkimcheka mara moja ataacha vyote viwili. Na siyo ye tu, wale kumi wengine waliokuwa wanajipanga kunyoosha mkono nao wanashusha mikono yao, hutawaona lakini wapo.

Dawa niliyoiona inasaidia ni kujiandaa kwa Kiswahili. Kaeni kwenye kimbweta, zile meza za nje za kujisomea, siku moja kabla, jadilini mada kwa Kiswahili mpaka ieleweke, halafu kila mtu aandike sentensi zake tatu nne za Kiingereza za kwenda nazo semina. Na kama anayewaongoza ni muelewa, CR (mwakilishi wa darasa) amuombe mapema kwamba mtu akikwama aruhusiwe kumalizia kwa Kiswahili na mwenzake mmoja atafsiri. Mi nilipokuwa naombwa hivo nilikuwa nakubali, na sikuwahi kujuta.

Sharti la pili, kila mtu ana dakika mbili za kuongea bila kukatishwa, na kuna mtunza muda. La tatu, simu zote zilazwe kifudifudi isipokuwa ya mtunza muda. La nne, ukishaongea mara mbili unasubiri, mwenyekiti anauliza kama kuna ambaye hajachangia angependa kuchangia, na akisema hapana asisukumwe, kesho yake ataongea.

Ongezeni na kazi moja ndogo kwa mwandishi wa kikundi. Kila mtu akikatishwa kabla hajamaliza, aweke kistari pembeni ya jina lake. Asiseme kitu, mwisho wa semina awasomee tu. Kwenye vikundi nilivyoongoza vistari vilikuwa vinajaa kwa dada zetu kuliko kwa kaka zetu, na waliokuwa wanakatisha walikuwa wanashangaa kwelikweli, walikuwa hawajui kabisa kwamba wanakatisha watu. Huhitaji kumgombeza mtu, vile vistari vinatosha.

HATUA YA 3: Sikiliza kwa kalamu

Gawa ukurasa safu tatu. Ya kwanza andika anachosema mwenzako, kwa maneno yake. Ya pili andika ametoa ushahidi gani. Ya tatu andika swali, siyo jibu, swali. Kosa tunalofanya karibu sote ni kwamba mtu anaongea na sisi kichwani tunapanga namna ya kumjibu, dalili yake ni kwamba unasubiri tu avute pumzi ili uingie. Ukijikuta uko hivo, andika neno moja tu la hilo jibu lako pembeni kabisa ya ukurasa, halafu rudi kumsikiliza. Halitakimbia.

Sikiliza hasa pale mtu anaposema "labda" au "sina uhakika ila" au anaposhusha sauti. Watu wengi wanapita hapo haraka wanakimbilia yale aliyoyasema kwa nguvu, wakati yale ya nguvu mara nyingi kayachukua sehemu, ya kwenye "labda" ndo anayafikiri mwenyewe pale pale mbele yenu. Weka alama hapo. Swali lako zuri kuliko yote litatoka kwenye hiyo "labda".

Kuhusu mwili: vitabu vingi vya kozi hii vimeandikwa nje na vinasisitiza umtazame mtu machoni. Hapa kwetu tumia akili. Ukimkodolea macho mtu mzima wakati anaongea anaweza kuona unamjibu kwa macho, na wengi tumelelewa kuinamisha uso mbele ya wakubwa. Geuza mwili umuelekee, itikia "eeh", "naam", tingisha kichwa kidogo, inatosha kabisa, na kalamu inayotembea kwenye daftari inaonyesha heshima kuliko macho.

HATUA YA 4: Rudisha (hapa ndo penyewe)

Kama utachukua kitu kimoja tu kwenye maandishi haya yote basi kichukue hiki. Mwaka 1951 mwanasaikolojia wa Kimarekani Carl Rogers alitoa mada kwenye chuo kikuu cha Northwestern kule Illinois, ye kazi yake ilikuwa kuwasaidia watu wenye matatizo ya hisia na akili kwa kuwasikiliza, na akapendekeza jaribio dogo la kufanya pale mabishano yanapokolea: hakuna anayeruhusiwa kusema lake mpaka kwanza aeleze wazo na hisia za aliyetangulia, kwa usahihi, mpaka mwenyewe akubali kwamba ndivyo. Hiyo ndo mi naiita kurudisha. Baadae walimu watatu wa chuo kikuu cha Michigan, Young, Becker na Pike, wakalichukua wazo hilo mwaka 1970 wakaliingiza kwenye ufundishaji wa uandishi wa hoja, na ndo maana unalikuta mpaka leo kwenye kozi za namna hii.

Ukisoma unaona rahisi. Sasa nikuonyeshe lilivyokwenda kwenye kimbweta kimoja nilichokaa nacho, vijana wanne wanajiandaa na semina, mada ile ile ya lugha ya kufundishia. Kijana mmoja aliyesoma shule ya kata anasema Kiingereza kibaki. Mwenzake anayetaka Kiswahili amejaa hoja mpaka pomoni, nikamwambia subiri, mrudishie kwanza.

"Haya. Unasema Kiingereza kibaki kwa sababu ya ajira."

"Hapana, sijasema ajira."

"Sasa si umesema mtu asiyejua Kiingereza anaachwa?"

"Nimesema anaachwa, sijasema kazini."

"Basi unasema ni lugha ya dunia, tutaachwa na dunia."

"Siyo. Sikia kaka. Mkibadilisha, mtabadilisha kwenye shule za serikali. Wenye hela wataendelea kupeleka watoto wao shule za kulipia za Kiingereza. Halafu usaili unakuja kwa Kiingereza, mikataba kwa Kiingereza, na mdogo wangu yuko nje ya mlango. Mi Kiingereza chenyewe hata sikipendi. Naogopa huo mlango."

Yule mwenzake akanyamaza kidogo, akaangalia daftari lake. "Kwa hiyo hofu yako ni kwamba mabadiliko yatawagusa wa chini tu, wa juu wataendelea na chao."

"Ehee. Hapo sasa ndo umenisikia."

Umeona imechukua mara tatu? Na angalia kilichotokea kwenye zile hoja alizokuja nazo mpinzani. Alikuwa kajiandaa kuthibitisha kwamba mtoto anaelewa vizuri zaidi akifundishwa kwa lugha yake, jambo ambalo yule kijana wa shule ya kata hakuwa hata analipinga. Wangebishana saa nzima kila mtu akipiga upande ambao mwenzake hayupo. Baada ya kurudishiana swali likabadilika kabisa, wakaanza kuulizana je inawezekana kubadilisha lugha bila kutengeneza tabaka mbili, na hilo ni swali ambalo watu wazima wizarani wanaweza kulikalia wiki nzima.

Masharti ya kurudisha ni haya. Tumia maneno yako, siyo kumkariri kama kasuku, manake kasuku haelewi. Usiongeze chumvi wala usipunguze kile kinachokusumbua, na hapo kwenye kupunguza ndo tunateleza sana, tunarudisha upande dhaifu wa hoja tunaacha wenye nguvu. Jaribu kuisema hoja yake vizuri kuliko alivyoisema mwenyewe. Malizia kwa kuuliza, "Nimekuelewa?" Akisema hapana, mshukuru, mwombe arudie, jaribu tena. Na sauti iwe ya kawaida, manake kuna ile "kwa hiyo wewe unamaanisha..." ya kejeli inayovutwa mwishoni, ile ni ngumi imevaa glavu.

Zoezi lenyewe: kaeni wawili wawili, chagueni kitu mnachotofautiana kweli, siyo cha kuigiza. Mmoja aongee dakika mbili, mwingine arudishe mpaka akubaliwe, kisha mbadilishane. Mara ya kwanza mtachoka haraka, wengine wanaona wanapoteza mda. Vumilieni mpaka mara ya nne au ya tano, kuanzia hapo utaanza kujikuta unarudisha kimoyomoyo hata ukiwa kwenye daladala unasikiliza redio.

Rogers mwenyewe alionya kwamba jambo hili linahitaji ujasiri, kwa sababu ukimwelewa mtu kwelikweli, ukaingia kwenye dunia yake, unaweza ukabadilika. Nakubaliana nae kabisa. Nadhani hiyo ndo sababu halisi inayofanya tukatishe watu, tunaona hatari inakuja.

HATUA YA 5: Fumua hoja uone daraja lake

Ukisharudisha ukakubaliwa, sasa ndo unaanza kuichambua. Mwanafalsafa wa Kiingereza Stephen Toulmin mwaka 1958 alionyesha kwamba hoja za kawaida za watu zina sehemu kadhaa, na kwa semina zetu tatu zinatosha: dai, yaani kile unachotaka tukubali, ushahidi, yaani ulichosimamia, na ile kanuni inayounganisha ushahidi na dai, ambayo mi nawaambia wanafunzi waiite daraja. Daraja mara nyingi halisemwi, linakaa kimya chini ya maji, na ugomvi mwingi unatokana nalo.

Tuendelee na mada yetu hiyo hiyo kwa sababu historia yake inaonyesha hili waziwazi. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kianze kufundishia sekondari, kidato cha kwanza kianze mwaka 1985, halafu kiendelee kupanda hivo hivo mpaka vyuo vikuu. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, wakapima Kiingereza cha wanafunzi wetu wakakuta hali mbaya sana, wengi hawawezi kusomea masomo yao kwa lugha hiyo. Pamoja na kukuta hivo, wakashauri Kiingereza kibaki na kiimarishwe, na serikali ikashika njia hiyo, pendekezo la Makweta halikutekelezwa.

Sasa tazama. Ushahidi ni ule ule, wanafunzi hawaelewi Kiingereza. Mmoja anasema kwa hiyo tuhamie Kiswahili, mwingine anasema kwa hiyo tuongeze Kiingereza. Wametofautiana wapi? Darajani. Daraja la kwanza ni kwamba mtoto afundishwe kwa lugha anayoielewa tayari. Daraja la pili ni kwamba lugha atakayoihitaji mbele lazima aishi nayo darasani ili aipate. Ukileta takwimu mia za wanafunzi kushindwa Kiingereza hutamhamisha mtu hata hatua moja, kila upande utazichukua utasema si unaona! Nimeona semina zinaisha hivo, watu wanarushiana namba ambazo wote wanazikubali.

Kwa hiyo jifunze swali hili ulitumie mpaka lizoeleke mdomoni: "Tukikubaliana kwamba hilo ni kweli, kwa nini linatupeleka huku na siyo kule?" Uliza kwa upole. Mwenzako atalazimika kulitoa daraja lake juu ya maji, na hapo mnaweza kulipima pamoja: je kweli mtu anajifunza lugha kwa kufundishiwa nayo masomo mengine? Je lugha inayoeleweka peke yake inatosha kama vitabu havipo? Haya ndo maswali yenye nyama.

Kitu kimoja nikiseme hapa hapa. Semina zetu zina ugonjwa wa "Mwalimu Nyerere alisema", mtu akishalitamka jina watu wanaona mjadala umefungwa. Tumheshimu Mwalimu kwa kumsoma. Kwenye mada hii hii kila upande una Nyerere wake, kuna Nyerere aliyetafsiri Shakespeare kwa Kiswahili kuonyesha kwamba lugha yetu inabeba chochote, na kuna Nyerere anayekumbukwa kwa kukiita Kiingereza Kiswahili cha dunia. Wote wawili ni ye. Kwa hiyo mtu akimtaja, muulize bila ubishi: alisema lini, akiwa anajibu nini, na sababu aliyotoa ilikuwa ipi? Chukueni sababu muijadili, siyo jina.

HATUA YA 6: Pinga, lakini kwa mpangilio

Mpangilio wangu ni huu na uufuate kwa mfululizo. Rudisha. Taja kile unachokubaliana nae kweli, siyo cha kupaka mafuta. Onyesha mahali hasa mnapoachana. Toa sababu moja, ile yenye nguvu kuliko zote, manake ukitoa tano mwenzako atachagua dhaifu ataishika hiyo hiyo mpaka mda uishe. Halafu malizia kwa swali la kweli linalomrudishia nafasi.

Kwa mfano: "Umesema hofu yako ni watoto wa shule za serikali kufungiwa nje. Hapo kwenye kufungiwa nje nakubaliana na wewe kabisa. Tunapoachana ni kwamba mi naona tayari wamefungiwa, kwa sababu wanamaliza kidato cha nne Kiingereza hawana na masomo hawana. Je, we unaona Kiingereza cha sasa kinamfikisha mdogo wako mlangoni?" Hamna tusi hapo, hamna kejeli, na bado ni hoja nzito kuijibu.

Anza sentensi na hoja, usianze na "wewe". "Wewe huelewi" imeshamgusa mtu, "hiyo hoja inaacha jambo moja" imegusa hoja. Maisha ya mtu, shule aliyosoma, lafudhi yake, kabila lake, mavazi yake, vyote hivo siyo sehemu ya mjadala hata kama ye mwenyewe ameteleza akavitaja. Na tuache hii "kwa heshima zote" inayotangulia tusi, watu wameshaijua, wakiisikia wanajikunja.

Halafu kuna suala la shikamoo, na hili sitalipitia haraka. Kwenye darasa moja unaweza kuwa na binti wa miaka 19 na mwalimu wa shule ya msingi aliyekuja kujiendeleza ana watoto wa umri wa huyo binti. Asubuhi kamwamkia shikamoo, saa nne anatakiwa kumpinga. Wengi wananyamaza, na wanaita huko kunyamaza adabu. Mi naona tumekosea. Salamu inampa mtu mzima heshima yake, haimpi ushindi wa hoja. Unaweza ukampinga mama yako mdogo na bado akaondoka akiwa amestahiwa, inategemea mlango unaoingilia. Sema: "Mama, nimekusikia, na umeona mengi mimi sijayaona. Naomba niulize kwenye jambo moja." Au kwa mwalimu: "Samahani mwalimu, naomba kueleweshwa hapo, mana mi nilikuwa nafikiri tofauti." Kwenye semina ya kawaida ile "naomba kutofautiana kidogo na mchangiaji aliyetangulia" bado inafanya kazi vizuri. Kama ni lekchara na ukumbi una watu 400, uliza kwa namna ya swali, na lile zito mfuate mwalimu baada ya kipindi ukiwa na daftari lako, wengi wanafurahi kuliko unavyodhani.

Na nyie wakubwa mliopo darasani, mzigo uko kwenu zaidi. Ukimwita mtu "mwanangu" katikati ya mjadala umemfunga mdomo, hata kama ulimaanisha upendo. Ukishamaliza kuongea sema mwenyewe, "nani anaona tofauti na mimi?" halafu subiri. Hesabu mpaka kumi kimoyomoyo. Ukimya wa kwanza siyo jibu, ni watu wanapima kama umemaanisha.

HATUA YA 7: Moto ukiwaka

Utajua moto umewaka sauti zikianza kupandana na watu wakianza kuangaliana badala ya kumwangalia anayeongea. Mwenyekiti asiseme "jamani tulieni", haisaidii. Aseme, "Dakika moja, kila mtu aandike mwenzake wa mwisho kasema nini." Kalamu zinashusha joto. Kisha arudi hatua ya 4, wale wawili wanaowaka ndo warudishiane mbele ya wote. Ila likitoka tusi la kabila, dini au jinsia, hapo msijadili, simamisheni, aliyetukana aombe radhi au atoke, na aliyetukanwa asiulizwe kama ameumia.

HATUA YA 8: Badilisheni pande

Katikati ya semista, mkishazoeana, mfanye semina moja kila mtu atetee upande asioupenda. Mada nzuri kwa hili, hasa kwa wanaosoma Kiswahili, ni ule mgogoro wa ushairi wa miaka ya 1970, wanajadi wanasema bila vina na mizani hakuna shairi, wanamabadiliko kina Kezilahabi wanaandika mashairi huru na kuyatetea. Chukua kijana anayependa mashairi huru mwambie atetee vina, utamwona anakuja na mambo ambayo hajawahi kuyafikiri, kwamba vina vinasaidia kukumbuka, kwamba shairi lilikuwa la kuimbwa kabla ya kusomwa, na anatoka pale bado anapenda mashairi huru lakini hawezi tena kuwadharau wanajadi.

Na mtu akibadili msimamo mbele za watu, mwacheni apite na heshima zake. Asishangiliwe kwamba kashindwa. Mi nilikuwa natoa maksi kwa mtu anayesema "hapo umenihamisha" na akaeleza ni nini hasa kilichomhamisha, na nawaomba wote mnaoongoza semina mfanye hivo, manake mwanafunzi anafuata maksi zilipo.

Kwa upande wa ratiba msijibane. Wiki mbili za mwanzo masharti na daftari la safu tatu, wiki tatu nne zinazofuata kurudisha tu bila kupinga kabisa, ndiyo, bila kupinga, halafu ndo muanze kufumua na kupinga. Vikundi vilivyoruka hiyo sehemu ya kurudisha peke yake nimeona vinarudi kijiweni ndani ya wiki mbili.

KAMA UMESHAMUUMIZA MTU

Mtafute kabla semista haijaisha, mi nilichelewa mpaka tukahitimu kila mtu akaenda kwao. Usimtumie meseji, na usimwombe radhi mbele ya kundi, utakuwa unamsimamisha tena mbele ya wale wale waliocheka. Mkute akiwa peke yake, kimbwetani au kwenye foleni ya kafteria, mwambie: "Siku ile sikukuacha umalize. Ningependa kusikia ulikuwa unataka kusema nini." Akisema ameshasahau, usimbane, mwambie ukikumbuka nipo. Akianza kuongea, toa daftari, andika kwenye ile safu ya kwanza, kwa maneno yake.